Fimbo Mbili juu ya Meza ya Husby

Asubuhi niliyoondoka Göteborg sikuwa na mpango. Niliamka, nikaona mvua dirishani, nikakumbuka kwamba siku hiyo ningesugua tena majiko ya mgahawa uleule, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshafunga begi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, wala sikufukuzwa; dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya malori, na mimi nilitaka kujua kila lori linakwenda wapi. Kituoni niliuliza treni ya kwanza kuondoka inakwenda wapi, wakaniambia Stockholm, nikapanda. Alasiri nilikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi, njia ya bluu, kwa sababu tu nilisikia vituo vyake vimechongwa ndani ya mwamba na nilitaka kuviona. Mbele yangu aliketi mama mmoja mnene mwenye mifuko miwili ya majani ya muhogo yaliyogandishwa, akimgombeza mtu kwa simu kwa Kiswahili cha Kongo ambacho nilikipata nusu. Alipomaliza nikamwamkia, shikamoo mama. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akacheka. "Batanzania," akasema. "Munasalimia kama muko kwenye redio." Tulipofika Husby nilikuwa nimebeba mfuko mmoja, na jua lilipozama nilikuwa na chumba. Huyo ndiye Mama Aline.

Amefariki majira haya ya baridi. Aline, binti yake, alinitafuta kwa namba ambayo sijui aliipata wapi, maana nimebadilisha miji zaidi ya nilivyobadilisha viatu, na nikaja kumzika mama yake. Siku mbili baada ya mazishi tulikaa jikoni kwake, Sundbyberg, tukanywa kahawa mpaka birika likakauka, na mimi nikamwambia jambo nililokuwa nimelinyamazia tangu nikiwa na umri ule. Naye akaniambia lake. Nitafika hapo. Kwanza inabidi niutembee tena mwaka ule, chumba kwa chumba, kwa sababu tangu nitoke kwenye lile jiko sijaweza kufikiria kitu kingine.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya nne. Chumba nilichopewa kilikuwa cha Aline, aliyekuwa amehama mwaka mmoja kabla ili asomee uuguzi, na dari yake ilibandikwa nyota za plastiki ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzibandua. Jikoni kulikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha picha za ndimu, friza iliyomzidi Mama Aline urefu, na redio iliyozungumza Kifaransa hata pasipokuwa na mtu. Mama Aline alitunza wazee wa Kiswidi majumbani mwao. Papa Aline, mumewe, alisafisha mabasi kwenye depo. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alirudi kazini akinuka sabuni ya limau mpaka nikadhani ndiyo harufu yake. Aliniita mwanangu siku ya kwanza. Sikulitilia maanani, kwetu kila mtu mzima humwita kila kijana mwanangu, hata kondakta anayemshusha.

Tulikula foufou, ule ugali wa muhogo, na sombe, yaani majani yake, na siku za bahati tulikula ndagala, wale dagaa wakavu walioletwa kutoka Uvira ndani ya masanduku ya wasafiri, wamefungwa mara tatu kwenye nailoni na bado nguo za msafiri zinanuka mwezi mzima. Ndagala wakiwa mezani, Papa Aline aliongea. Alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, na alisema maji yake ni safi hivi kwamba unaweza kuutazama mshipi wako ukishuka mpaka macho yachoke kabla maji hayajachoka. Kwa hiyo baba yake alimfundisha mshipi mwembamba, mwembamba kabisa, na mkono mlaini. Ukivuta kwa nguvu umeonyesha ujinga wako. Unamwachia samaki, anakwenda, anarudi, unamwachia tena, mnajuana. "Samaki iko na macho," alisema, na kidole chake kikubwa kikagusa chini ya jicho lake. Mama Aline alikuwa na jibu lake kila mara: kwamba tangu wafike nchi hii mvuvi wake ameleta samaki wa dukani tu, tena waliokwisha kukatwa vichwa, labda ndiyo maana hawakuona mshipi.

Mimi nilipata kazi Jordbro, upande wa pili kabisa wa jiji, kwenye ghala lililopeleka vifaa vya uvuvi madukani. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kati ya rafu na karatasi, kuokota kilichoandikwa, kukitia kwenye boksi. Wengine walitembea na muziki masikioni. Mimi nilisoma maandishi ya kila boksi, na nisipoelewa nilimuuliza Kjell. Kjell alikuwa Mswidi wa miaka sitini na kitu aliyesimamia bidhaa zilizorudishwa na wateja, mtu wa maneno machache, ambaye kila mchana alikula mkate mkavu aliopaka mayai ya samaki kutoka kwenye kitu kama tyubu ya dawa ya meno. Kulikuwa na rafu nzima ya fimbo zilizotengenezwa kwa ajili ya samaki wa Marekani aitwaye bass, ambaye Sweden hayupo. Nikamuuliza kwa nini tunauza fimbo za samaki asiyekuwepo. Alitafuna mpaka mkate ukaisha, kisha akasema kwamba bass hujificha kwenye magugu kama gädda wetu, na magugu ni magugu.

Gädda ni samaki mrefu wa kijani mwenye mdomo wa bata uliojaa meno. Hulala kati ya matete na majani ya yungiyungi bila kutikisika, anangoja. Wiki ile, kila mchana, Kjell alinifundisha jinsi ya kumchagulia fimbo, na nadhani alifurahi, maana alianza kula haraka. Kwenye maji ya wazi, alisema, fimbo ndefu laini ni rafiki yako. Inarusha mbali, inapinda samaki anapovuta, na mshipi mwembamba haukatiki kwa sababu samaki ana pa kukimbilia na wewe una muda. Kwenye matete huna muda. Akishashika, gädda anahitaji pigo moja la mkia kujifunga kwenye mashina, kwa hiyo lazima umgeuze kichwa papo hapo, bila mazungumzo. Fimbo iwe fupi kidogo na ngumu kuanzia mpini hadi karibu na ncha, ncha peke yake ibaki na ulaini wa kurushia. Rili, yaani ule mtambo wa kukunjia mshipi, iwe ile inayokaa juu ya fimbo na ngoma yake imelala kwa ubavu, inayokunja mshipi mwingi kwa mzunguko mmoja wa mkono, na breki yake ikazwe mpaka mwisho. Mshipi uwe wa kusukwa, mnene kama uzi wa fundi viatu, na mbele yake kipande cha waya kwa ajili ya meno. Nikamuuliza kama samaki hatauona. Akasema gädda akiwa kwenye matete haangalii mshipi, anaangalia chakula.

Mimi siamini kitu mpaka nikishike. Kjell alilijua hilo, akanitoa uani, kati ya malori, akafunga ndoana kwenye mfuko wa mchanga wa kumwaga barabarani wakati wa barafu. Akanipa kwanza fimbo laini. Nilivuta mpaka ikapinda kuanzia ncha hadi kifuani kwangu, mikono ikatetemeka, na mfuko ukabaki umelala. Madereva wawili walisimama kunicheka. Kisha akanipa ile ngumu, nikavuta kwa nguvu zilezile, si zaidi, na mfuko ukakwaruza lami ukaja. Alinirudisha kwenye ile laini nijaribu tena, ili nisije nikadhani mara ya pili niliongeza juhudi. Sikusahau. Mikono ilikuwa yangu ileile.

Jumapili moja mwezi Agosti nilikuwa chumbani kwangu baada ya ibada, mlango wazi kidogo, wao wakimenya ndizi jikoni. Walidhani nimelala. Mama Aline alimuuliza mumewe atamwambia mtoto lini. Akamuuliza tena, akasema hospitali wameshaandika siku, moyo wa mtu si jino, na mtoto mwenyewe anasomea uuguzi, akija kujua kutoka kwa wengine hatasamehe. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba vali ya moyo wake imechoka na atapasuliwa mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimemwona akisimama kila ghorofa ngazini, akijifanya anatafuta funguo. Nilidhani anatafuta funguo.

"Aline ananijua na ndoo na brashi tu," alisema. "Tangu mudogo. Kila siku namuambia baba yako ni mutu wa ziwa, na yeye anaona mutu wa basi. Acha anione mara moja pahali minajua kitu. Halafu nitamuambia."

Mama Aline aliendelea kumenya. Baada ya muda akasema basi mpigie, na Papa Aline akapiga, na kupitia ukuta nilisikia sauti ndogo ya Aline ikijibu kwa Kiswidi maneno aliyoulizwa kwa Kiswahili, ana mtihani, ana zamu, ana rafiki, mpaka mwishowe akakubali Jumamosi inayofuata. Papa Aline alipokata simu alikuja mlangoni kwangu na kugonga, ingawa ulikuwa wazi. Alitaka nimletee fimbo kutoka ghalani, zile zilizorudishwa ambazo wafanyakazi walipewa kwa bei ya chini. Ndefu, akasema, laini, na mshipi ambao hata yeye mwenyewe hatauona. Amepaona mahali, ghuba ndogo ya ziwa Mälaren upande wa Järfälla, ambako kila mtu anaruhusiwa kuvua kwa fimbo. Nikamuuliza maji ya pale yakoje. Akasema mazuri, yamezungukwa na matete pande zote.

Jumanne nilirudi na fimbo mbili. Hilo nalikumbuka kama utetezi wangu pekee: nilileta mbili. Moja ilikuwa kama alivyoagiza, na nyingine ilikuwa ya rafu ya bass, fupi, nyeusi, na rili yake ya ubavu na mshipi wa kusukwa ambao Kjell mwenyewe aliukunja. Nilizilaza juu ya picha za ndimu. Papa Aline alinawa mikono kabla ya kuzigusa. Aliishika ile laini, akaitikisa, ncha ikacheza mpaka karibu na taa, na uso wake ukawa uso ambao sikuwa nimeuona, wa mtu mdogo kuliko yeye kwa miaka thelathini. Kisha akachukua ile nyeusi, akajaribu kuipinda, ikakataa, akacheka na kumwonyesha mkewe.

"Hii ni ya kuvuta gari," akasema. Mama Aline akasema afadhali, imvutie friza mpaka sebuleni. Papa akajaribu rili, hakujua kwamba kidole gumba lazima kiizuie ngoma, na mshipi ukajisokota wote kama nywele zilizolaliwa wiki. Nilikaa nikaufumua taratibu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: mfuko wa mchanga, matete, muda ambao hutakuwa nao. Nilikuwa hata nimeyapanga njiani, vituo vyote kutoka Jordbro. Na yeye, Mungu amrehemu, aliuliza.

"Weye unaonaje, mwanangu? Ndiyo kazi yako hii."

Nikasema, "Hiyo uliyochagua ni nzuri, Papa."

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akasema sawa, na akaenda kuisimamisha ile fimbo ndefu nyuma ya mlango, ambako ilibaki mpaka Jumamosi, na kila alipopita pale aliigusa.

Kwa miaka mingi nililiita jambo lile heshima. Nilijiambia kwamba msichana aliyepewa chumba hawezi kumfundisha mzee wa Uvira mambo ya samaki, mbele ya mkewe, tena kwa maneno ya Mzungu wa ghalani. Nilijiambia pia kwamba mtu yule alikuwa akirekebishwa kutwa nzima, na msimamizi wa depo aliyekuwa mdogo kwa Aline, na barua za ofisi, na mwanawe mwenyewe aliyemsahihisha matamshi, na kwamba katika nchi nzima ile palikuwa na jambo moja tu ambalo alikuwa na uhakika nalo. Nani angempokonya? Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba ilikuwa rahisi. Nimezunguka dunia nikiuliza kila kitu na kumjibu kila mtu anachotaka kusikia, na ndivyo mtu asiyekaa anavyoishi vizuri na watu. Anakuwa mpole kwa sababu anajua ataondoka.

Jumamosi Papa Aline alivaa shati la kanisani, limepigwa pasi mpaka kola. Tulipanda basi mpaka Jakobsberg, na Aline akashuka kwenye treni kutoka Sundbyberg na kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linawaka, akamkumbatia baba yake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Aliniuliza kama chumba chake bado kinanuka rangi. Njiani kuelekea ghubani alitembea mbele. Papa alisimama mara mbili kutuonyesha miti, na mimi tu nilijua kwamba hakuwa anatazama miti.

Pale palikuwa na gati dogo la mbao, maji ya rangi ya chai, yungiyungi zilizokwisha kuchanua, na matete yaliyosimama marefu kuliko mtu, kushoto, kulia, na mbele kiasi, yakiacha uwazi wa maji mfano wa chumba. Papa Aline aliingia gatini akasimama. Kisha akarusha. Nimewaona wengi tangu siku ile, lakini sijamwona mtu akirusha vile. Fimbo ilikwenda nyuma na kurudi kama inapumua, na chambo kikaenda chini chini juu ya maji, kikatua pembezoni mwa matete bila sauti, kana kwamba kimewekwa kwa mkono. Akavuta, akarusha tena, mahali tofauti, vilevile. Aline akaweka simu mfukoni. Baada ya muda akamsogelea, akamuuliza kwa Kiswidi nani alimfundisha, na Papa akamjibu kwa Kiswahili habari za baba yake, jinsi alivyomfunga kitambaa machoni ili ajue uzito wa mshipi kwa vidole. Aline alikuwa hajawahi kusikia habari ya kitambaa. Akaomba ajaribu. Papa akasimama nyuma yake, mikono ile mikubwa juu ya mikono yake, na walirusha pamoja vibaya sana, mpaka kwenye yungiyungi, wakacheka kwa kicheko kimoja. Nilikaa kwenye nyasi na chupa ya chai. Nilifikiri, labda hatashika kitu, na siku hii itakuwa imetimia. Niliomba asishike kitu.

Samaki alichukua chambo karibu na saa sita. Hakuruka. Maji yalifura tu mahali pamoja, kisha fimbo ikainama, ikaendelea kuinama, ncha, katikati, mpaka mpini, na Papa Aline akasema kwa utulivu anakuja. Hakuwa anakuja. Alikuwa anaondoka, bila haraka, kama mtu anayejua kwao, na matete yakaanza kutikisika moja baada ya jingine kuonyesha anakopita. Papa alimwachia kama alivyofundishwa, amwachie aende apate kurudi. Kisha mshipi ukasimama. Alivuta. Fimbo ilipinda mpaka ikagusa kifua chake na mikono ikaanza kutetemeka, nami nilijua hasa mtetemeko ule unavyosikika kwenye bega. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na huko ndani ya matete kitu kikapiga maji, kikanyamaza, kikapiga tena.

Aline alisema akate tu mshipi. Papa akatikisa kichwa. Samaki haachwi na chuma mdomoni amefungwa kwenye matete, alisema, huyo atakufa njaa. Akavua viatu, akakunja suruali ya kanisani, na kabla hatujaelewa alikuwa ameshaingia majini, akiufuata mshipi kwa mkono. Tope lilimshika kwenye magoti. Alikwenda hatua kama kumi, maji yakamfika kiunoni, kisha akasimama akishika matete kwa mikono miwili, na nikasikia pumzi yake kutoka nilipokuwa. Aline alimwita Pappa, mara tatu. Mimi niliingia na nguo zangu. Nilimshika chini ya makwapa nikamgeuza, na alikuwa mwepesi, na mshipi ulikuwa umekatika mahali nisipopajua, na matete bado yalikuwa yanatikisika.

Tulimlaza kwenye nyasi. Aline alimfunika koti, akamshika mkono, na niliona vidole vyake vikitafuta mapigo ya moyo kama alivyofundishwa shuleni, kisha niliona uso wake ukibadilika. Akauliza hii ni nini. Papa Aline alingoja mpaka pumzi ikarudi. Kisha akamwambia kwa Kiswidi, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akimsemesha mtoto wake, Kiswidi cha depo, kilichovunjika, kwamba ni mgonjwa, kwamba watampasua moyo Alhamisi, kwamba alitaka kusema leo baada ya samaki, kwamba samahani. Aline alilia kwa hasira. Aliuliza nani mwingine alijua. Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa tope.

Ndipo Papa Aline akaona fimbo iko pale gatini, akaomba aletewe, akaipangusa kwa upindo wa shati. "Fimbo ni nzuri," akatuambia, akimtazama mwanawe, si mimi. "Mikono ndiyo imechoka."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa kuliko ya Jumanne, na ilidumu njia nzima ya kurudi, ndani ya teksi ambayo Aline aliita, na siku nne zilizofuata mezani. Ningemwambia si mikono yako, Papa. Mimi nina miaka ishirini na mitatu na fimbo kama hiyo ilinishinda na mfuko wa mchanga. Lakini kumwambia hivyo kulikuwa ni kumwambia nilijua, na kila siku iliyopita ilifanya kujua kwangu kuwe kukubwa zaidi. Alhamisi asubuhi alinishika kichwa kwa kiganja kizima, akasema nisiache kazi kabla ya Krismasi maana nina miguu ya kuondoka. Akaenda na mkewe na Aline. Operesheni yenyewe aliivuka. Alifariki siku ya tisa, adhuhuri, Mama Aline akiwa ameteremka kununua kahawa. Madaktari walisema maji yale hayakuhusika. Niliwaamini, na haikunisaidia chochote, kwa sababu hilo silo nililokuwa nauliza. Nilikuwa nauliza mtu yule alikufa akidhani nini juu ya mikono yake.

Hilo ndilo nililomwambia Aline jikoni Sundbyberg. Sasa ni mwanamke mwenye mvi mbili tatu, muuguzi mkuu wa wodi, na Kiswahili chake kimekuwa kizuri kuliko zamani, kwa sababu ya miaka ya mwisho na mama yake. Nilimweleza yote, fimbo ya pili, Kjell, mfuko, swali la baba yake na jibu langu. Alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Alijua," akasema.

Akaniambia kwamba siku ya tatu hospitalini baba yake alimsimulia habari ya fimbo mbili mezani. Alisema aliuona uso wangu. Alijua kuna neno nimelimeza, na kwa kuwa na yeye ana kiburi chake hakutaka kuuliza mara mbili; akangoja. Kila alipoigusa fimbo nyuma ya mlango alikuwa ananipa nafasi niseme, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Alisema kwamba ingekuwa ni Aline mahali pangu, angempigia yeye kelele palepale, jikoni, mpaka majirani wasikie. Wala hakulisema kwa ubaya, Aline aliniambia. Alikuwa anacheka. Alisema ameishi na watoto wawili, mmoja anamjibu Kiswidi na mwingine anamjibu ndiyo.

Nikamuuliza Aline kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilipoweza kulisema ulikuwa umeshaondoka," akasema.

Ni kweli. Nilikaa mpaka siku ya arobaini, nikiosha vyombo vya wageni na kusikiliza wakinamama kwenye chumba cha kufulia wakisema Papa Aline hakuwahi kumgombeza mtu. Mama Aline hakuniambia niondoke. Alinipikia ndagala wa mwisho waliobaki kwenye nailoni, na asubuhi nilipotoka na begi alikuwa kazini, kwa sababu niliichagua asubuhi ya zamu yake. Kodi niliiacha juu ya ndimu, na barua ya mistari miwili yenye adabu nyingi. Kituoni niliuliza treni ya kwanza inakwenda wapi. Nilisafiri kaskazini mpaka miti ikawa mingi kuliko nyumba, nikashuka Härnösand kwa kuwa bahari ilikuwa inaonekana dirishani, na kwenye ubao wa duka nikakuta karatasi ya chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa Kiswidi, mjane, aliyetembea akishika ukuta. Alinionyesha kitanda, dirisha la kutazama uani, sahani mbili, bakuli moja. Aliuliza natoka wapi, nikasema Stockholm. Akauliza kama nimeacha jamaa huko, mtu wa kumpigia simu endapo litatokea jambo.

Nikamwambia hapana, nilikuwa mpangaji tu. Aliitikia kwa kichwa, akanipa ufunguo, na akanionyesha mahali pa kutundika koti.